Ahadi ni Deni: Martin Luther na Kanuni za Kubadili Masomo, 1501–1533

Utangulizi

Katika kila chuo kipo kitabu kidogo cha kanuni ambacho mwanafunzi hukipokea siku ya kwanza na kukisahau siku ya pili. Humo imeandikwa ni kwa muda gani mwanafunzi aweza kubadili kozi aliyojiandikisha, ni saini za nani zatakiwa ili ajiondoe darasani, na ni ada gani itarudishwa au itadaiwa. Wengi wetu huyahesabu mambo hayo kuwa kazi ya ofisi ya msajili, yasiyo na neno la kumwambia mtheolojia.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Yule ambaye Kanisa letu linaitwa kwa jina lake alikuwa mwanafunzi aliyeacha kozi, aliyehamishwa chuo, aliyebaki na deni la ada, na aliyelaumiwa kwamba amevunja kiapo. Historia hiyo yatuuliza swali moja: mwanafunzi anapojiandikisha, anamwahidi nani, na ni nani awezaye kumfungua katika ahadi hiyo?

Kiapo cha kujiandikisha

Luther aliingia Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1501, akiwa na umri wa miaka 17. Jina lake liliandikwa katika kitabu cha wanachuo, naye, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vya wakati ule, aliapa kumtii rekta na kuzishika kanuni. Yafaa tukumbuke kwamba huko hakukuwa kujiandikisha katika somo moja moja. Njia ilikuwa moja kwa wote: kwanza kitivo cha sanaa, ambamo mantiki na falsafa ya Aristotle zilitawala, kisha, kwa aliyepata uzamili na kutaka kuendelea, mojawapo ya vitivo vitatu vya juu, yaani sheria, tiba au theolojia. Wengi hawakufika mbali. Sehemu kubwa ya wanafunzi wa Ulaya ya siku zile walirudi makwao bila shahada yoyote.

Luther aliifuata njia hiyo kwa bidii. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1502, na Januari 1505 uzamili, akiwa wa pili kati ya watahiniwa 17. Baba yake, Hans Luther, aliyekuwa na shughuli za shaba huko Mansfeld, alifurahi mno. Alimnunulia vitabu vya sheria vya bei kubwa, na tangu hapo akawa akimsemesha mwanawe kwa neno la heshima ambalo Wajerumani humpa mtu mkubwa. Mwezi Mei 1505 Luther alianza masomo ya sheria, kama baba alivyotaka.

Kuacha sheria, 1505

Masomo hayo hayakudumu miezi miwili. Tarehe 2 Julai 1505, Luther alipokuwa akirudi kutoka nyumbani, radi ilipiga karibu naye huko Stotternheim, si mbali na Erfurt. Kwa hofu ya mauti alimlilia Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa. Tarehe 17 Julai alibisha mlango wa monasteri ya Waaugustino mjini Erfurt. Kati ya radi na mlango zilipita siku 15 tu, na katika siku hizo baba yake hakuombwa shauri.

Hans Luther alikasirika, akarudi kumsemesha mwanawe kama mtu amsemeshavyo mtoto. Hata tarehe 2 Mei 1507, Luther alipoadhimisha misa yake ya kwanza, baba alimwuliza mbele ya wageni kama hakuwahi kusikia amri ya kuwaheshimu baba na mama. Swali hilo lilimchoma Luther kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 1521 aliandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, akakitanguliza kwa barua kwa baba yake. Humo alikiri kwamba nadhiri yake ilikuwa imemnyima mzazi haki yake. Lakini alishuhudia pia kwamba Mungu alikuwa amemfungua, na kwamba wito wa Mungu hupita amri ya mzazi.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kwa anayechunguza kanuni. Utawa haukumpokea mtu moja kwa moja. Aliyebisha alipewa kwanza mwaka wa kupimwa, na katika mwaka huo aliweza kuondoka bila aibu, nao waliweza kumrudisha. Nadhiri ya daima ilifuata baadaye. Kwa hiyo wale ambao Luther baadaye alizipinga nadhiri zao walijua jambo ambalo vyuo vyetu vimelijifunza kwa kuchelewa: uamuzi uliofanywa katika radi wahitaji muda wa kutazamwa katika jua.

Deni la Wittenberg, 1509

Badiliko la pili halikuwa la hiari. Mwaka 1508 wakuu wa shirika lake walimtuma Luther kwenda Wittenberg, chuo kipya kilichoanzishwa mwaka 1502, afundishe maadili ya Aristotle huku akisoma theolojia. Tarehe 9 Machi 1509 alipata huko shahada ya kwanza ya Biblia. Kabla mwaka haujaisha aliitwa kurudi Erfurt. Alikwenda, maana alikuwa chini ya utii.

Lakini ada ya shahada ile ilikuwa haijalipwa. Katika kitabu cha madekani wa theolojia wa Wittenberg iliandikwa kwamba Martin, kwa kuwa ameitwa Erfurt, bado hajakitimizia kitivo haki yake. Miaka ilipita, na kitabu kile kikafika mikononi mwa Luther mwenyewe. Hapo aliongeza pembeni kwa Kilatini kwamba wala hatalipa. Kwamba wakati ule alikuwa maskini na chini ya utii, hana kitu. Basi Erfurt na ilipe.

Twaweza kucheka, na bila shaka Luther naye alicheka alipoandika. Hata hivyo neno lile ni zito. Deni la mwanafunzi aliyeondolewa masomoni kwa amri ya wakubwa wake ni la nani? Je, ni la yule aliyetii, au la yule aliyeamuru? Dayosisi inapomwita mwanafunzi wake katikati ya mhula kwa sababu usharika hauna mchungaji, swali la Luther limerudi tena ofisini kwa msajili.

Kiapo kilichogombaniwa, 1512–1514

Mwaka 1511 Luther alihamishiwa Wittenberg kwa mara ya pili, na safari hii alibaki. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alitaka awe daktari wa theolojia na kuchukua kiti chake cha kufundisha Maandiko. Gharama za sherehe, gulden 50, zilitolewa na mtawala Frederick wa Saxony, kwa sharti kwamba Luther afundishe Biblia Wittenberg maisha yake yote. Mwezi Oktoba 1512 alipewa udaktari.

Wanatheolojia wa Erfurt hawakunyamaza. Kwa kanuni za kitivo chao, aliyeanza kwao hatua za theolojia aliapa kwamba hatatwaa udaktari mahali pengine. Walimhesabu Luther kuwa amevunja kiapo na kuwadharau. Mwaka 1514 aliwajibu kwa maandishi. Alijitetea kwamba kiapo kile hakuwahi kukiapa, kwa kuwa hatua zake za theolojia zilianza Wittenberg, si Erfurt.

Tuone vema jinsi alivyojitetea. Hakusema kwamba kiapo si kitu, wala kwamba dhamiri yake yamtosha. Alirudi kwenye kumbukumbu: nilianza wapi, niliapa nini, mbele ya nani. Mtu yule yule aliyeandika pembeni kwa mzaha juu ya ada, alipoguswa katika ukweli wa neno lake alitegemea daftari la chuo.

Darasa lililobaki tupu, na sheria iliyorudi

Si mtu mmoja tu awezaye kujiondoa darasani. Wakati mwingine darasa zima huondoka. Mwezi Mei 1517 Luther alimwandikia rafiki yake Johann Lang kwa furaha kwamba Aristotle anashuka, na kwamba asiyefundisha Biblia au Augustino hawezi kutumaini kupata wasikilizaji. Mwaka 1518 mtaala ulibadilishwa, Kigiriki na Kiebrania vikapewa nafasi, na Philipp Melanchthon akaja kufundisha Kigiriki. Wanafunzi walitangulia, kanuni ikafuata.

Lakini uhuru huo ulikuwa na upande wa pili. Mwaka 1523 Andreas Karlstadt, aliyekuwa amempa Luther udaktari, alikataa kushiriki tena katika kutoa shahada, akitaja agizo la Bwana juu ya kutoitwa mwalimu (Mathayo 23). Wengi waliona hakuna haja ya kusoma, na katika vyuo vya Ujerumani idadi ya waliojiandikisha ilianguka sana. Luther aliona hatari hiyo. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji wafungue shule, na mwaka 1530 aliwahimiza wazazi wasiwatoe watoto wao shuleni.

Huko Wittenberg utoaji wa udaktari wa theolojia ulikuwa umesimama kwa miaka kadhaa. Mwaka 1533 Melanchthon alikiandalia kitivo kanuni mpya, na mwezi Juni mwaka huo watu watatu, Johannes Bugenhagen, Caspar Cruciger na Johannes Aepinus, walipewa udaktari. Wana wa Matengenezo, waliozivunja sheria nyingi za vyuo, waliziandika tena kwa mikono yao. Walikuwa wamejifunza kwamba Kanisa lisilojua ni nani amesoma nini haliwezi kujua limtume nani kuhubiri.

Hitimisho

Kanuni za leo zimepita njia nyingine pia. Charles W. Eliot, rais wa Harvard huko Marekani kuanzia mwaka 1869 hadi 1909, aliwapa wanafunzi uhuru wa kuchagua masomo, na palipo na uchaguzi sharti pawe na hesabu ya kila kozi peke yake. Krediti na muda wa kuongeza au kuacha kozi ni matunda ya uchaguzi huo. Hata hivyo maswali ya Erfurt na Wittenberg hayajafutika, nayo yatufundisha mambo matatu.

Kwanza, muda wa kubadili masomo ni rehema, si ulegevu. Humlinda mwanafunzi asifungwe na uamuzi wa siku moja. Pili, kumbukumbu ni ulinzi wa dhaifu. Mwanafunzi anayetoweka darasani bila kuandika hubaki na alama ya kushindwa isiyoeleza lolote. Aliyejaza fomu ana ushuhuda wa kumtetea, kama Luther alivyotetewa na hatua zake zilizoandikwa. Tatu, saini ya anayemtuma mwanafunzi si pambo. Ni mazungumzo ambayo hayakufanyika katika siku zile 15 za Julai 1505, na ambayo baba na mwana waliyalipia kwa miaka 16.

Hata hivyo kanuni isigeuzwe kuwa nadhiri nyingine. Endapo Luther angelazimishwa kumaliza sheria kwa sababu ada ilikwisha kulipwa, sote tungekuwa maskini zaidi. Kazi ya mwalimu anayeombwa saini ni kuuliza kwa upole kama mbele yake yuko mtu anayekimbia radi au mtu anayeitwa, na kumpa nafasi ya kujua.

Mwanafunzi yule aliyeacha sheria, na kuiacha Wittenberg na kisha Erfurt, alishika sharti moja hadi mwisho. Aliahidi mwaka 1512 kufundisha Maandiko maisha yake yote. Mwezi Novemba 1545 alimaliza mihadhara yake juu ya kitabu cha Mwanzo, na tarehe 18 Februari 1546 akafariki. Ahadi ni deni, na hilo alililipa lote.