Uhuru ya Malindi na nyota pacha

Wasomaji wangu, leo programu zipumzike kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kutafuta eksirei angani. Wakaiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. (Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki, na shuleni sikuambiwa!)

Setilaiti hiyo ilionyesha kwamba vyanzo vingi vya eksirei ni nyota pacha: mbili zinazozungukana, moja ikiwa masalia mazito yanayonyonya gesi ya mwenzake. Halafu mwaka 1975 George Clark wa MIT akaona ajabu. Mafundo ya mviringo, yenye nyota laki kadhaa zilizobanana kama abiria wa matatu jioni, yalikuwa na pacha za aina hiyo zaidi ya mara mia kuliko idadi ya nyota zao ilivyostahili. Akasema ni msongamano: nyota hupitana karibu mno, zikanasana.

Lakini msongamano huohuo huvunja. Mwaka huohuo Douglas Heggie alionyesha kwa hesabu kwamba pacha zilizoshikana sana huzidi kushikana zinaposukumwa na wapita njia. Zilizolegea hulegea mpaka zinaachana. Hapa ndipo mimi naona utamu wa jambo lenyewe.

Maana kwa miaka mingi iliaminika kwamba nyota za fundo moja zilizaliwa pamoja. Mwaka 2004 darubini ya Hubble ikaonyesha kwamba Omega Centauri, ambayo hapa Kenya unaiona bila darubini usiku wa Mei ukiwa mbali na taa za mji, ina safu mbili za nyota. Mwaka 2007 NGC 2808 ikaonyesha tatu! Kizazi cha pili kina sodiamu nyingi na oksijeni kidogo. Kilizaliwa wapi?

Pacha ndizo mashahidi. Mwaka 2015 Sara Lucatello na wenzake walichunguza nyota kubwa nyekundu 968 katika mafundo 10. Kizazi cha kwanza: pacha asilimia 4.9. Cha pili: 1.2 tu. Maelezo yao ni kwamba cha pili kilizaliwa katikati, penye kubanana zaidi, pacha zake zikavunjwa mapema. Sodiamu ilitoka kwa nyota gani? Hapo wanafalaki bado wanabishana.