Tani za shaba zilihesabiwa, miili ikangoja

Kaniama, huku Lomami, si mji wa shaba. Ni nchi ya mahindi na reli, kwenye njia ya treni itokayo Kamina kwenda Mwene-Ditu. Reli hiyo ya kampuni ya BCK ilipofika bandari ya Ilebo mwaka 1928, iliiunganisha na migodi ya kusini Lomami, ambayo tayari ilikuwa ikitoa vibarua wa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Kwa hiyo historia ya sumu ya madini ya Katanga haiishii kwenye uzio wa kiwanda. Ni ya huku pia.

Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi lilimwaga shaba ya kwanza mwaka 1911. Mawe ya Katanga hayana shaba peke yake. Yana kobalti, na kutegemea mgodi yana risasi, zinki, kadimiamu, aseniki au urani. Jiwe likichomwa, kisichouzika hupanda na moshi au hubaki kwenye mlima wa mabaki. Upepo uliusukuma moshi wa Lubumbashi kaskazini-magharibi. Huko miti ilikufa na udongo ukabaki uchi. Vitabu vya kampuni viliandika tani.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikawa Gécamines. Iliporomoka miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 walilipwa waondoke. Uchimbaji wa mikono ukaenea, na vumbi la migodini likaingia majumbani.

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa Leuven na wenzao walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351. Kobalti waliyoikuta ilizidi viwango vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida popote duniani. Zaidi ya nusu ya waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walivuka kikomo cha kobalti kinachopendekezwa kwa wafanyakazi wa viwandani. Watoto ndio waliozidi, maana hutambaa chini na kutia vidole vyenye vumbi kinywani. Tena hula bukari, yaani ugali, na mboga kutoka udongo ule ule.

Lakini mkojo husimulia mambo ya karibuni tu. Kobalti nyingi hutoka mwilini baada ya siku chache; risasi hukaa mifupani miongo, kadimiamu hung'ang'ania figo. Mstaafu anaweza kurudi Lomami, mamia ya kilomita kutoka tanurini, akiwa bado amebeba mgodi mwilini. Anastahili kupimwa sawa na jirani wa kiwanda.

Mwaka 2018 timu ya Banza na Nemery ilionyesha kwamba watoto wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi unaochimbwa chini ya nyumba, walikuwa na dalili za madhara kwenye DNA. Miaka miwili baadaye, utafiti wa hospitali za Lubumbashi uligundua kwamba watoto waliozaliwa na kasoro walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba anayefanya kazi ya madini.