Thamani ya Shahada kwa Asiye na Hati

Mimi sina shahada. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma chuo cha ualimu kwa miaka miwili, na mwaka 1973 nikatoka na cheti cha Daraja la A. Kwa cheti hicho nimefundisha na kuongoza shule za msingi hadi nilipostaafu. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba naisifu shahada kama mtu anayesifu mali yake. Naizungumza kama mtu aliyeiona kwa mbali, na ambaye kwa miaka mingi alishika kalamu iliyoamua, kwa sehemu yake ndogo, nani aende mbele na nani abaki.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma. Katika darasa la saba alikuwamo kijana mmoja ambaye hesabu kwake zilikuwa kama mchezo wa bao. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji yaliyowakimbiza watu wengi nchini mwao. Wengi wa wakimbizi wale walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baba yake yeye alijishikiza kwa ndugu pale kijijini, akalima, akatoa michango yake kama wenzake, wala hakuwa na karatasi yoyote. Zilipofika fomu za watahiniwa, palikuwa na nafasi ya uraia. Kuandika Mtanzania ningesema uongo. Kuandika Mrundi niliogopa kuwaletea wazazi wake matata. Nikaiacha nafasi ile wazi.

Walipotangazwa waliochaguliwa kwenda sekondari, jina lake halikuwamo. Siku zile nafasi za sekondari zilikuwa haba mno, na huenda asingechaguliwa hata kama fomu ingejaa. Sikuambiwa sababu, nami sikuuliza. Kijana akaenda ziwani kuvua dagaa.

Jambo hili nililiweka kando, kama mtu anavyoweka jembe bovu nyuma ya nyumba. Lilinirudia mwaka 2018, nilipokwenda kumtembelea binti yangu ambaye ni muuguzi mjini Dallas, katika jimbo la Texas, Marekani. Jirani zake walikuwa watu wa Mexico. Baba alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mama alisafisha nyumba za watu. Binti yao mkubwa alikuwa anamaliza sekondari mwaka ule, na alipojua kwamba mimi ni mwalimu mstaafu alikuja kuketi nami barazani. Alitaka kuwa mwalimu. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye na mdogo wake waliingia nchini mwaka 2008, yeye akiwa na miaka minane na mdogo wake miwili, na kwamba hawana hati. Hata hivyo chuo kilikuwa kimempokea, tena kwa ada ya mkazi wa jimbo. Nilishangaa. Nikaanza kuuliza na kusoma, nikagundua kwamba mlango ule ulikuwa na historia ndefu, na kwamba historia yenyewe ilianzia karibu na pale nilipoketi.

Yapata kilomita 160 mashariki ya Dallas uko mji wa Tyler, unaosifika kwa mashamba ya mawaridi. Watu kutoka Mexico walifanya kazi katika mashamba yale na katika viwanda vya mjini. Mwaka 1975 Bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuzinyima shule fedha za jimbo kwa ajili ya mtoto asiyeingia nchini kihalali. Mwaka 1977 wakuu wa shule za Tyler wakaamua kwamba mtoto wa namna hiyo alipe dola 1,000 kwa mwaka, ama akae nyumbani. Kwa kibarua mwenye watoto watatu au wanne, hiyo ilikuwa ni kumfukuza kwa lugha ya upole. Nao watoto wenyewe hawakufika hata 100, katika mji uliokuwa na maelfu ya wanafunzi.

Familia nne zilikwenda mahakamani. Jaji William Wayne Justice alipanga shauri lisikilizwe alfajiri, ili wazazi wasionekane na watu wengi. Hata hivyo walifika na vitu vyao vimepakiwa kwenye magari, kwa kuwa walidhani huenda wangekamatwa na kurudishwa kwao siku ileile. Ndugu msomaji, nimewaona wazazi wengi wakihangaikia elimu ya watoto. Nimewaona wakiuza mbuzi, wakiuza hata mabati ya paa. Lakini mzazi anayepakia nyumba yake yote kwenye gari na kwenda mbele ya jaji ili mwanawe aingie darasa la pili, huyo sijapata kumwona.

Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, likapewa jina la msimamizi wa shule za Tyler, James Plyler. Tarehe 15 Juni 1982 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba watoto wale wasifungiwe shule. Jaji William Brennan, aliyeandika hukumu, alishikilia marekebisho ya katiba ya mwaka 1868 ambayo hayasemi raia peke yake, bali yanampa kila mtu aliye chini ya mamlaka ya jimbo ulinzi sawa wa sheria. Akaeleza kwamba si haki kumwadhibu mtoto kwa kosa la mzazi wake, na kwamba kumwacha bila kusoma ni kumtia alama atakayokwenda nayo maisha yake yote. Hata wale majaji wanne waliopinga hawakusema kwamba kuwanyima watoto shule ni jambo la busara. Walisema tu kwamba kulirekebisha ni kazi ya bunge, si ya mahakama.

Lakini hukumu ile ilihusu shule tu, haikugusa chuo. Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mtoto alikaribishwa, akafundishwa kusoma, akafundishwa historia ya nchi na kuimba wimbo wake, kisha akifika miaka 18 anaambiwa: basi, ishia hapo. Katika majimbo ya Marekani, mkazi hulipa ada ndogo katika vyuo vya umma, na mgeni hulipa mara mbili au hata mara tatu. Aliyelelewa mtaani hapohapo akawa anahesabiwa mgeni. Na mwaka 1996 sheria ya nchi nzima ilizuia jimbo kumpa asiye na hati nafuu ya chuo kwa sababu ya ukazi wake, isipokuwa nafuu hiyo apewe pia raia anayetoka jimbo lingine.

Majimbo yakatafuta njia. Mwaka 2001 Texas, lile jimbo lililofunga mlango mwaka 1975, likawa la kwanza kuufungua. Lilipitisha sheria kwamba aliyeishi Texas miaka mitatu na kumaliza sekondari humo atalipa ada ya mkazi, awe na hati au asiwe nazo. Gavana Rick Perry wa chama cha Republican akaitia sahihi. California ikafuata mwaka huohuo, na baadaye majimbo mengine. Yalikuwapo pia yaliyokwenda kinyume: South Carolina mwaka 2008 na Alabama mwaka 2011 yaliwazuia wasio na hati kuingia vyuo vya umma kabisa. Kwa hiyo mtoto mwenye akili ileile na bidii ileile alikuwa na bahati au mkosi kwa kutegemea mahali ambapo baba yake alipata kibarua.

Sasa nije kwenye shahada yenyewe. Ina faida gani kwa mtu ambaye sheria haimruhusu kuajiriwa? Swali hili si la dhihaka. Mswada wa kuwapa vijana hawa njia ya kuwa wakazi halali ulifikishwa kwenye Seneti mwaka 2001. Mwezi Desemba 2010 ulipita katika Baraza la Wawakilishi, ukaanguka katika Seneti, ambako ulipata kura 55 ilhali zilihitajika 60. Tarehe 15 Juni 2012, miaka 30 kamili baada ya hukumu ya Plyler, Rais Barack Obama alitangaza mpango wa kuwapa wengi wao vibali vya kazi vya miaka miwili miwili. Zaidi ya vijana 800,000 walivipata kwa nyakati mbalimbali. Lakini mpango ule ulimtaka mtu awe ameishi Marekani tangu katikati ya mwaka 2007. Binti wa jirani yetu aliingia mwaka 2008.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake zilinifundisha mengi. Sergio Garcia aliletwa California kutoka Mexico akiwa mchanga. Alisoma sheria, na mwaka 2009 akafaulu mtihani wa uwakili mara ya kwanza. Kufaulu alifaulu, lakini leseni hakupewa mpaka Januari 2014, Mahakama ya Juu ya California ilipoamua apewe, baada ya bunge la jimbo hilo kutunga sheria ya kumruhusu. Miaka yote hiyo elimu ilikuwa kichwani mwake, nayo haikuwa haramu. Kilichokosekana kilikuwa karatasi ya kuiruhusu karatasi nyingine.

Wapo wanaosema kwamba nafasi za chuo ni chache na fedha ni za walipa kodi, basi mwenye nchi atangulie. Hoja hii siipuuzi. Nimegawa vitabu 12 kwa watoto 60, najua uhaba ni kitu gani. Lakini watoto hawa hawakuomba nafasi ya bure. Walishindana kwa alama, na wazazi wao hulipa kodi kila wanunuapo kitu dukani. Tena jimbo limekwisha kuwagharamia miaka 12. Mkulima hapalilii shamba hadi mahindi yatoe mbelewele, kisha akayaacha kwa ngedere.

Binti yule alipata shahada yake mwaka 2022. Shule za umma hazikuweza kumwajiri. Akaendelea kusafisha nyumba pamoja na mama yake, na jioni akawa anamfundisha mdogo wake hesabu na insha, mpaka naye akaingia chuo mwaka 2024. Mtu anaweza kusema shahada ile ilipotea bure. Mimi nasema ilifanya kazi ileile ambayo shahada yoyote ya ualimu ingefanya, ila haikulipwa mshahara.

Kisha Juni 2025 binti yangu alinipigia simu. Serikali ya Marekani ilikuwa imeishtaki Texas juu ya sheria ya mwaka 2001, wakuu wa Texas wakakubali siku ileile, na jaji akaifuta. Miaka 24 ikaisha kwa siku moja. Mdogo wake yule msichana, aliyekuwa amemaliza mwaka wa kwanza, sasa ahesabiwe mgeni na kulipa ada ya mgeni. Baba yake, aliniambia binti yangu, alikuwa anahesabu ni mapaa mangapi.

James Plyler, yule msimamizi wa Tyler, alipozeeka alikiri kwamba anafurahi kuwa walishindwa kesi, kwa kuwa watoto wale walipata kusoma. Namheshimu kwa hilo. Si rahisi kwa mwalimu kusema hadharani kwamba alikuwa upande usiofaa. Yeye alikuwa na mahakama ya kumkosoa. Mimi sikuwa na wa kunikosoa, kwa kuwa sikuandika kitu.

Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia watu wapatao 162,000 miongoni mwa waliokimbia Burundi mwaka 1972 na uzao wao. Mwaka uliofuata nilikwenda Kigoma kwa msiba, nikamkuta yule kijana wangu wa darasa la saba, sasa mtu mzima mwenye mvi, anaunda mashua. Alinipa shikamoo, akanionyesha jinsi anavyopiga hesabu ya mbao kwa mkaa juu ya ubao, bila kukosea. Watoto wake wanasoma, akasema. Kisha akaniuliza, kwa adabu, "Mwalimu, ile fomu yangu uliijazaje?"

Nilimwambia kwamba ni zamani mno, nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nimeandika kurasa hizi ili nimpelekee kitabu hiki, asome mwenyewe.