Jina Mgongoni mwa Picha: Asili ya Kadi ya Mpiga Picha

Mtu apewapo picha ya kale hutazama kwanza uso uliomo. Mtafiti wa historia huigeuza. Mgongoni ndiko liliko jina la aliyeipiga, mji aliokaa, mtaa wake, na pengine nambari ya nyumba yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kadi ya mpiga picha ajitegemeaye ilivyoanza, jinsi ilivyochapwa, na ni nani aliyepata jina lake kuandikwa juu yake na ni nani aliyelikosa. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana kadi ni kitu kidogo, lakini katika nyaraka zetu ndiyo iliyoamua mara nyingi ni nani akumbukwe kwa jina na ni nani abaki sura tu.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Katika Kiswahili tunayo maneno matatu ambayo msemaji wa kawaida hayahusishi: karatasi, karata na kadi. La kwanza lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, la pili kwa Kireno, la tatu kwa Kiingereza. Hata hivyo yote matatu, yakifuatwa hadi chimbuko lake, hukutana katika neno moja la Kiyunani, khartēs, lililokuwa jina la ukurasa wa mafunjo wa kuandikia. Ndugu watatu hawa waliingia pwani yetu kwa milango mitatu, kila mmoja na mzigo wake: mmoja alileta maandishi, wa pili mchezo, wa tatu cheti cha kumtambulisha mtu. Neno anwani nalo, lenye asili ya Kiarabu, limetumika kwetu kwa maana mbili, jina la kitabu na mahali mtu apatikanapo. Kadi ya fundi huziunganisha maana hizo mbili: humtaja mtu, na huonyesha alipo.

Kadi ya biashara ni ya kale kuliko picha. Katika London ya karne ya 17 na ya 18, kabla nyumba hazijapewa nambari, duka lilijulikana kwa alama iliyoning'inizwa mlangoni, kama vile ufunguo au simba. Mwenye duka alichapisha kipande cha karatasi chenye alama hiyo, jina lake, na maelezo ya kazi yake, akawapa wateja. Mchoraji William Hogarth, alipoanza kujitegemea mwaka 1720, alichonga kadi yake kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo ilifanywa juu ya bamba la shaba. Fundi alichimba mistari kwa chuma chenye ncha, akapaka wino, akaufuta juu ya bamba ili ubaki katika mifereji tu, kisha akalikandamiza bamba katika mtambo pamoja na karatasi iliyoloweshwa. Kwa kadi hiyo mteja alisoma jina la fundi na papo hapo akaona ustadi wake, kwa kuwa kadi yenyewe ilikuwa kazi ya mikono yake.

Kulikuwa na kadi nyingine, ya watu wenye cheo, ambayo haikuwa na habari ya kuuza wala kununua. Mtu alipokwenda kumzuru mwenzake asimkute, alimwachia mtumishi kadi ndogo yenye jina lake. Adabu haikuruhusu kuchanganya kadi ya kuzuru na kadi ya biashara. Aliyezichanganya, pengine bila kukusudia, alikuwa mpiga picha.

Picha za kwanza, zile za Louis Daguerre zilizotangazwa Ufaransa mwaka 1839, zilikuwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na kila moja ilikuwa peke yake, haikuweza kuzalisha nyingine. Mwaka 1850 Louis Désiré Blanquart-Evrard alieleza karatasi iliyopakwa ute wa yai, na mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupiga picha juu ya kioo kilichopakwa kolodioni. Kioo kimoja sasa kiliweza kutoa nakala nyingi juu ya karatasi. Lililobaki lilikuwa gharama. Hilo ndilo alilolishughulikia André Adolphe-Eugène Disdéri wa Paris, aliyepewa haki ya uvumbuzi wake tarehe 27 Novemba 1854. Alitumia kamera yenye lenzi kadhaa na bamba lililoweza kusogezwa, hata kioo kimoja kikabeba picha ndogo nyingi, mara nyingi nane. Zilichapwa kwa pamoja, zikakatwa, na kila moja ikabandikwa kwa gundi juu ya kadi ngumu yenye upana wa milimita 64 hivi na urefu wa milimita 100. Kwa kuwa kipimo kilikaribia kile cha kadi ya kuzuru, zilipewa jina hilohilo la Kifaransa, carte de visite.

Ipo hadithi isimuliwayo sana kwamba mwaka 1859 Mfalme Napoleon III, akiongoza jeshi kwenda vitani Italia, alisimama mbele ya duka la Disdéri akaingia kupigwa picha, na jeshi zima likamngoja barabarani. Watafiti wa baadaye wameitilia shaka hadithi hii, nasi hatuna haja nayo. Ushahidi ulio bora zaidi ni wa mwaka 1860, J. E. Mayall alipotoa mjini London mkusanyo wa picha za aina hii za Malkia Victoria na jamaa zake. Tangu hapo watu walizinunua, wakazibadilishana, wakazipanga katika albamu, na kila mji wenye shughuli ukapata wapiga picha wake.

Sasa tugeuze kadi. Mbele ilikuwa sura ya mteja, na nyuma palikuwa patupu. Wapiga picha hawakukawia kuona faida ya upande ule mtupu. Waliagiza kadi ngumu kwa wingi kutoka kwa wachapaji wa kazi hiyo, kama vile Marion wa Paris na Bernhard Wachtl wa Vienna, zikiwa zimekwisha chapwa jina na anwani. Uchapaji uliotumika sana ulikuwa ule wa jiwe, alioubuni Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Mchoraji huchora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, jiwe huloweshwa maji, na wino wenye mafuta hushika palipochorwa tu, maana mafuta na maji havipatani. Njia hii iliruhusu herufi za madoido, mapambo ya maua, michoro ya kamera na ya jua, nishani za maonyesho, na ngao za kifalme kwa wale walioweza kudai kwamba waliwahi kuwapiga picha wakuu.

Katika maandishi hayo mlikuwamo mara nyingi tangazo moja fupi: kwamba vioo vyahifadhiwa, na nakala zaweza kuagizwa wakati wowote. Tangazo hilo linaeleza biashara yote. Mteja hakununua kioo, alinunua nakala. Kila nakala aliyomgawia shangazi au rafiki ilikuwa mjumbe wa fundi, nayo ilikwenda hadi katika nyumba ambazo fundi asingeweza kubisha hodi. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kadi ya mpiga picha ilikuwa chema kinachojiuza na kujitembeza kwa wakati mmoja, na aliyelipia safari zake alikuwa mteja mwenyewe.

Kwa mwanahistoria, mgongo huo ni hazina. Fundi alipohama mtaa, kadi za zamani hazikutupwa. Anwani ilifutwa kwa kalamu au ikachapwa nyingine juu yake, nasi twajua kwamba picha ilipigwa karibu na siku za kuhama. Kadi za Marekani zenye stempu ya kodi mgongoni ni za kati ya mwaka 1864 na 1866, kwa sababu kodi ya picha ilitozwa katika miaka hiyo tu. Sura haisemi mwaka wake, bali mgongo waweza kuusema.

Jina lililochapwa namna hii likawa mali, na palipo na mali hutokea ugomvi. Mpiga picha mashuhuri wa Paris aliyejiita Nadar aliitwa kwa jina la ukoo Gaspard-Félix Tournachon. Mdogo wake Adrien, ambaye naye alifanya kazi hiyo, alianza kujitangaza kuwa ni Nadar Mdogo. Kaka akamshitaki, na mwaka 1857 mahakama ikampa ushindi: jina la Nadar ni lake peke yake. Tukumbuke kwamba hilo halikuwa jina la baba yao, ambalo wote wawili wangekuwa na haki nalo. Lilikuwa jina la kubuni, na thamani yake ilitokana na kazi ya mtu mmoja.

Basi fundi alikwisha kulinda jina lake. Na yule aliyekaa mbele ya kamera? Kwa desturi, jina lake halikuchapwa. Kama ni mtu mashuhuri, liliandikwa. Kama si mashuhuri, ilitegemewa kwamba jamaa zake wangelikumbuka. Ndiyo maana mfano wa Sojourner Truth wastahili kutazamwa kwa makini. Mama huyu alizaliwa utumwani katika jimbo la New York, akawa huru, akazunguka Marekani akihubiri dhidi ya utumwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe aliuza picha zake za kadi ili apate riziki, na chini ya sura yake aliagiza yachapwe maneno ya kusema kwamba anauza kivuli ili kuutunza mwili. Mgongoni, mahali pa jina la fundi, palichapwa tangazo la kisheria la mwaka 1864 kwamba haki ya picha ile ni ya Sojourner Truth mwenyewe. Mtu ambaye sheria iliwahi kumhesabu kuwa mali ya mwingine alitumia sheria hiyohiyo kutangaza kwamba sura yake ni mali yake. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi uzito wa ule upande wa nyuma.

Tukirudi pwani yetu twaona upande mwingine wa jambo hilihili. Mjini Unguja, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwapo wapiga picha wenye asili ya Goa, na miongoni mwao A. C. Gomes na J. B. Coutinho wajulikana sana. Picha zao za bandari, za majumba na za watu zilienea, na baadaye nyingi za namna hiyo zilichapwa kuwa kadi za posta, zikapelekwa Ulaya na mabaharia na wasafiri. Majina ya mafundi hao yamehifadhika kwa sababu yalichapwa. Lakini tusomapo maelezo ya kadi za posta za wakati ule twakuta maneno kama mwanamke wa Kiswahili, wachukuzi, au mrembo wa Unguja. Mwanamke yule alikuwa na jina, na baba yake, na mtaa wake, majirani walimjua. Kadi imempa kabila na ikamnyima jina. Wajukuu zake, kama wapo, waweza kuiona sura yake katika kitabu leo wasijue kwamba wamemtazama bibi yao.

Sisemi kwamba mafundi wale walikusudia ubaya. Kadi ilibuniwa kumtangaza muuzaji, na muuzaji ndiye aliyeagiza chapa. Hata hivyo matokeo ni kwamba twaweza kuandika historia ya wapiga picha wa Unguja, lakini hatuwezi kwa njia hiyohiyo kuandika historia ya waliopigwa. Disdéri mwenyewe alifariki Paris mwaka 1889 akiwa maskini, utajiri wake umekwisha. Jina lake lipo nyuma ya kadi zake hadi leo. Wengi wa waliosimama mbele ya kamera hawakupata hata hilo.

Kadi ya mpiga picha wa leo imetengana tena na picha. Kipimo kitumikacho sana ni milimita 85 kwa 55, kinachokaribia ukubwa wa picha yenyewe iliyobandikwa kwenye kadi za Disdéri. Huchapwa kwa wino wa rangi nne au kwa mashine ya kompyuta, na nambari ya simu imechukua mahali pa nambari ya nyumba. Wanaoianda kadi hizo hujadili herufi na rangi, na kama iwekwe picha au isiwekwe. Hayo ni mambo ya haki, na Hogarth angeyaelewa. Lakini picha nyingi siku hizi hazina mgongo kabisa. Zinakaa ndani ya simu, na hakuna pa kuzigeuzia.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wapiga picha wetu na kwa watunzaji wa nyaraka. Mpiga picha na achapishe kadi yake vizuri, aandike jina lake, kazi yake na mahali apatikanapo, kama walivyofanya waliomtangulia. Kisha, anapompa mteja picha, na aandike pamoja na jina lake mwenyewe jina la aliyepigwa, mahali na mwaka. Kalamu ya risasi yatosha. Kazi hiyo haichukui dakika, na atakayeigeuza picha hiyo baada ya miaka mia hatakuta fundi peke yake.