Kutoka Malta hadi Karema: mwanamke katika elimu ya tiba

Mkazi wa Izia anayekwenda kutibiwa katika Hospitali ya Dr. Atiman mjini Sumbawanga hutamka, pengine bila kujua, jina la mtu aliyesomeshwa udaktari katika chuo ambacho hakikupokea msichana hata mmoja. Chuo hicho kilifunguliwa Malta mwaka 1881 na Charles Lavigerie, mwasisi wa shirika la Mapadre Weupe, kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, ili warudi barani wakiwa matabibu na makatekista kwa pamoja. Wasichana waliokombolewa waliandaliwa kuwa wake wa Wakristo.

Adrien Atiman, aliyeibwa utotoni katika bonde la mto Niger, aliwasili Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Yeye hana lawama. Mpango uliomfikisha huko ndio uliogawa kazi mapema, tabibu akiwa mwanamume, na mwanamke akiachiwa uuguzi na ukunga, mgawanyo ambao serikali ya Waingereza nayo iliuendeleza.

Upendeleo wa kijinsia katika elimu ya tiba, yaani kumfanya mwanamume kipimo cha wote, haukuishia kwenye orodha ya wanafunzi, bali uliingia hata katika somo lenyewe, kwa kuwa mwanamke alifundishwa zaidi kama mzazi kuliko kama mtu mwenye moyo, mapafu na mishipa. Mkunga anayeegemeza sikio kwenye fetoskopu, kile chombo chenye umbo la pembe kinachowekwa juu ya tumbo la mjamzito, husikiliza moyo wa mtoto. Moyo wa mama ulibaki muda mrefu katika sura nyingine ya kitabu, ambamo dalili za shambulio la moyo zilielezwa kwa mfano wa mwanamume anayeshika kifua, ilhali wanawake wengi, pamoja na maumivu ya kifua au hata bila hayo, hupata kichefuchefu, uchovu mkali, au maumivu ya mgongo na taya. Dawa nazo zilipimwa hivyo hivyo: mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwazuia wanawake wenye uwezo wa kuzaa kushiriki majaribio ya awali, na ni mwaka 1993 tu ambapo sheria ya huko ilidai washirikishwe katika utafiti unaogharimiwa na serikali.

Dar es Salaam ilipata shule ya udaktari mwaka 1963. Hata hivyo Esther Mwaikambo, anayetambuliwa kuwa Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa daktari, alisomea Moscow, akahitimu mwaka 1969, miaka 80 kamili baada ya Atiman kufika Karema. Chama cha madaktari wanawake nchini, MEWATA, ambacho yeye ni mmoja wa waasisi wake, kiliundwa mwaka 1987, na baadaye kikazunguka mikoani kupima saratani ya matiti.