Congotanga: Kongo ya Hollywood na Kamalondo ya kweli

Mwaka 1956 kampuni ya Universal ilitoa filamu ya kusisimua iitwayo Congo Crossing, chini ya mwongozaji Joseph Pevney. Hadithi inatokea katika nchi ya kubuni, Congotanga, na mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa jina hilo lilikoshonwa: ni Kongo na Katanga. Wahalifu hukimbilia huko kwa kuwa hakuna sheria ya kuwarudisha walikotoka. Mkuu wa polisi ni Peter Lorre. Virginia Mayo ni mwanamke anayesakwa kwa mauaji yaliyotokea Ufaransa, na George Nader ni mpima ardhi anayetafuta mpaka halisi kati ya Congotanga na Kongo ya Wabelgiji. Hatima ya wote inategemea mstari huo wa mpaka, na wenye nchi hawana neno juu yake.

Hata hivyo ndani ya filamu hiyo yumo daktari Mweusi, Leopold Gorman. Aliyemwigiza ni Rex Ingram, Mmarekani Mweusi ambaye watu walimjua kama jini wa The Thief of Bagdad ya 1940. Hapa habebi mzigo wala hapigi ngoma, anatibu. Ukumbuke kwamba mwaka huo Kongo nzima haikuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa 1954 tu, na waliosomea tiba kabla yake waliishia kuwa wasaidizi, kila mmoja chini ya daktari Mzungu. Kwa jambo hilo moja, Hollywood, pamoja na upuuzi wake wote, iliwaza mbali kuliko serikali ya Brussels. Nalisema kwa uchungu.

Na Kongo ya kweli je? Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, wakati huo iliitwa Albert, kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Ilijengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wafanyakazi Weusi, na ardhi tupu ikaachwa kwa makusudi kuitenga na mji wa Wazungu. Sinema nazo zilitengwa: tangu amri ya 1936, filamu ya kuoneshwa kwa Waafrika ilipitishwa kwanza na kamati ya ukaguzi. Wakoloni waliogopa hasa picha za Mzungu anayeiba, anayeua au anayedhalilika, na filamu za kusisimua zinaishi kwa mambo hayo hayo. Basi swali la nani anaonekana kwenye pazia lilitanguliwa na lile la nani anaruhusiwa kutazama.

Desemba 1957, mwaka mmoja tu baada ya Congo Crossing, wanaume wa Kamalondo walipiga kura. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikapata viongozi wake wa kwanza Waafrika wa komini. Hakuna mwandishi wa Hollywood aliyeliona jambo hilo kuwa hadithi.

Hollywood iliirudia Kongo mwaka 1968 kwa Dark of the Sun, ya mamluki na treni, iliyopigwa Jamaika. Jim Brown, mchezaji maarufu wa futiboli ya Kimarekani, ndiye Ruffo, sajini Mkongomani. Rod Taylor, kiongozi wa mamluki, anapigania fedha. Ruffo anapigania nchi yake, naye anasema hivyo waziwazi, jambo ambalo hakuna aliyelisema Congotanga. Ruffo anauawa kabla filamu haijaisha, na anayelipiza kisasi chake ni Rod Taylor.