Tulipima Miale, Hatukupima Kungoja

Wasee, leo tuongee historia kidogo, lakini inaanzia hapa kwetu Silanga.

Mwaka jana macho ya shosho yaligeuka manjano. Daktari akasema mfereji wa nyongo umeziba, na wanaweza kuingiza kamrija kupitia ngozi, wakijiongoza kwa picha ya eksirei kwenye skrini. Bila kumpasua. Jirani akaja na yake: "Hiyo miale ndiyo huleta kansa." Basi tukaogopa. Siku 9 tukabishana, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili ndiye nilikuwa na kelele zaidi. Shosho anajikuna usiku kucha, sisi bado tunabishana.

Jirani hakudanganya, na hapo ndipo historia inaingia. Wilhelm Röntgen aligundua miale hii Ujerumani, Novemba 1895. Watu wakaichukua kama maonyesho tu. Clarence Dally, fundi wa Thomas Edison kule Marekani, alikuwa anajaribu mashine kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele ya miale. Mikono ikaungua, ikakatwa yote miwili, na mwaka 1904 akafariki akiwa na miaka 39. Edison akaachana na hiyo kazi.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 1898, kwenye vita vya Sudan, daktari wa jeshi la Uingereza alibeba mashine ya eksirei hadi kando ya Nile, umeme ukitoka kwa kukanyaga baiskeli. Sisi wa Kibera tukisikia Sudan tunakumbuka Wanubi, askari walioanzisha mtaa huu. Kabla ya eksirei, kutafuta risasi mwilini kulikuwa kuchokora kidonda mpaka uiguse. Sasa ungeiona kwanza.

Halafu Januari 1964, mjini Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alipata mama wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa unaoza. Madaktari walitaka kuukata, mama akakataa. Dotter akapitisha mrija ndani ya mshipa huku akiangalia eksirei, akafungua palipoziba. Yule mama alitembea kwa miguu yake miwili hadi alipofariki, zaidi ya miaka miwili baadaye.

Fanya hesabu hapo. Kansa ya miale, hata ikija, kwa kawaida huchukua miaka mingi. Mguu unaoza leo.

Simaanishi miale ni maji ya kunywa. Picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1, na mtu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Lakini kazi ndefu ya kuongozwa na picha inaweza kupita hapo mara kadhaa, na miale ikikaa sana sehemu moja, ngozi inaungua. Mtoto hudhurika upesi kuliko mzee. Mjamzito aseme mapema. Na daktari akivaa aproni ya madini ya risasi usidhani anakukimbia: wewe uko pale mara moja, yeye yuko pale kila siku. Kenya ilitunga sheria ya kujikinga na miale mwaka 1982, na ile ya 2019 ikaleta mamlaka ya kudhibiti mambo ya nyuklia. Uliza kama mashine imekaguliwa, ni haki yako.

Siku ya 10 shosho mwenyewe alimaliza mjadala. Akamuuliza daktari, "Na nisipofanya, itakuwaje?" Akajibiwa, "Shosho, maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu." Akachukua leso yake: "Basi twende."

Leo macho ni meupe na anagombana na mimi kuhusu sukari ya chai. Lakini zile siku 9 bado zinaniuma. Nyumba nzima tulipima hatari ya kufanya. Hakuna hata mmoja wetu aliyepima hatari ya kungoja.